Koti la Kijani Kwenye Fungu la Fagia

Nyumba Na. 46, Tena,
S.L.P. 1147,
Nairobi.

Jumapili, 28 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Wangeci,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu Tena, ambako leo jua limewaka tangu tulipotoka kanisani. U hali gani huko Saskatoon? Je, ule mguu ulioteguka kwenye barafu umepona sawasawa, au bado unakuuma ukipanda ngazi? Na yule bibi unayemtunza, anaendelea kukataa uji wa asubuhi? Baba angekuulizia mengi zaidi, lakini kila akilitaja jina la mji wako ulimi unamkwama, akaishia kusema "huko kwa dada yangu."

Sisi tu wazima, twamshukuru Mungu. Mama hajambo. Baba hajambo pia, ila ana jino linalomsumbua, naye hataki kulipeleka kwa daktari kwa sababu anasema litachoka lenyewe. Maji sasa tumepangiwa Jumanne na Ijumaa, na Ijumaa huja kweli. Cucu, mama yenu, alikaa nasi wiki mbili mwezi uliopita, kisha akarudi Othaya ghafla. Alisema kuku wake hawana akili ya kukaa peke yao.

Uliniagiza nisikutumie ujumbe wa simu kuhusu jambo hili. Ulisema ujumbe wa simu huusoma ukiwa umesimama, ila barua huisoma ukiwa umekaa. Basi kaa, Shangazi. Barua hii ataibeba Sakariye, mjomba wake rafiki yangu Sahro wa ghorofa ya chini, anayesafiri Alhamisi kwenda Toronto. Ameahidi kuitia posta akifika tu, na Sahro ameniapia kwamba mjomba wake hajawahi kusahau kitu isipokuwa miwani.

Najua unachotaka kujua ni kama nimebaki kwenye kozi ya akili unde au nimehamishwa. Nitafika hapo. Mama alisema nikikujibu mwanzoni hutasoma yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo yanayokuhusu wewe zaidi.

Kwanza nikushukuru, kwa sababu ni wewe uliyenitia moyo. Matokeo yalipotoka Januari kila mtu alikuwa na neno lake. Bi. Clare, mwalimu wetu wa hisabati, alinishauri nisome takwimu. Baba alitaka niwe mwalimu. Nilipotaja akili unde, aliinua kichwa kutoka nyuma ya friji aliyokuwa akiitengeneza akasema, "Mimi nasomesha mtoto apate akili, yeye anataka kwenda kuipatia mashine!"

Lakini hofu kubwa ilikuwa yangu mwenyewe. Unajua shuleni kwetu hatukusoma somo la kompyuta. Chumba kilikuwapo, na ndani yake kompyuta kumi na mbili zilizofunikwa vitambaa vya maua kama viti vya sebuleni. Mwalimu aliyezijua alihama nikiwa Kidato cha Kwanza, na tangu hapo kazi yetu ilikuwa kupiga deki mbele ya mlango. Nilipokupigia simu nikiwa karibu kulia, ulicheka ukaniambia, "Nyaguthii, mimi nilifika huku sijui hata kufungua dirisha. Wiki nzima nilidhani madirisha ya wazungu ni ya kutazamia tu." Maneno hayo nimeyatumia mara nyingi kuliko unavyoweza kudhani.

Chuo kilitupokea kumi na wanne ambao hatukuwa na msingi wowote wa kompyuta. Tuliambiwa wazi kwamba tutakuwa na wiki sita za matayarisho, kisha kila mmoja ataonyesha kazi yake mbele ya walimu watatu. Wanane watabaki. Sita watahamishiwa kozi nyingine zenye nafasi. Pia tuliagizwa mapema, mwezi wa Julai, kila mtu aje na picha alizopiga mwenyewe, zisizopungua mia tano, za kitu anachokijua vizuri.

Mimi kitu ninachokijua vizuri ni makoti ya mitumba. Nimekaa kwenye kibanda cha Mama soko la Jericho tangu nikiwa siwezi kuona juu ya meza. Baridi ya Julai ilikuwa kali mwaka huu na makoti yalikuwa yakienda, kwa hivyo Mama alifungua marobota mengi. Kila robota lilipofunguliwa nilimngoja atenge mafungu yake matatu kama kawaida: kamera, yaani zile safi kabisa za kwanza, kisha za pili, na mwisho fagia, zile zilizochakaa ambazo watu hufukua chini kwenye gunia. Nilipiga picha kila koti kwa simu ya Baba, nikaandika lilitoka fungu gani. Kufikia mwanzo wa Agosti nilikuwa na picha mia saba na kitu kutoka marobota tisa.

Siku za kwanza chuoni sitaki kukueleza zote. Nilizima kioo nikidhani nimezima kompyuta. Nilikuwa naandika kwa kidole kimoja, na kijana mmoja wa darasa letu anayeitwa Mbugua akasema nadonoa kama kuku. Mbugua naye hakusoma kompyuta shuleni, lakini alijifunza mwenyewe kwenye saibakafe ya mtaani kwao na vidole vyake havionekani vinapokwenda. Aliposikia nimeleta picha za mitumba alinipa jina la Madam Fagia, na jina likashika.

Aliyeniokoa ni Sahro. Jioni akitoka masomo yake ya ufamasia alikuja na kompyuta ya kaka yake Abukar, akaketi nami mezani, vidole vyake vina hina ya harusi ya binamu yake, akanionyesha wapi pa kuweka kila kidole. Nilipokosea alinipiga kofi dogo mkononi. "Wewe, kidole cha shahada kirudi kwake!" Mama aliposikia alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo Mama humpelekea mama yake Sahro maembe kila Jumamosi, na mama yake Sahro hurudisha bakuli likiwa na sambusa. Sijui nani alianza kushindana na mwenzake, ila sisi tunanenepa.

Nikueleze kazi yenyewe kwa ufupi, maana nilimweleza Baba na akaelewa. Unaionyesha mashine picha nyingi, na kila picha unaiambia jibu: hili ni kamera, hili ni fagia. Inatazama, inabashiri, inakosea, inajirekebisha. Ukishaichosha hivyo kwa muda, unaipa picha ambayo haijaambiwa jibu lake, inajibu yenyewe. Baba akasema, "Kumbe ni kama mwanagenzi wa gereji." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi na huyo usimwachie funguo."

Mashine yangu ilianza kwa kukosea kila kitu. Wiki ya tatu ikaanza kunyooka. Wiki ya nne makosa yalipungua hadi nikayahesabu kwa vidole, na hapo ndipo yalipokataa kupungua tena. Kulikuwa na makoti tisa ambayo mimi niliandika ni fagia, kwa sababu yalitoka kwenye fungu la fagia, na mashine ikashikilia kwamba ni kamera. Nilibadilisha hiki, nikabadilisha kile. Nilirudia masomo yote. Siku nne nzima nilikuwa na hakika kwamba tatizo ni mimi, kwamba mtu aliyesoma kompyuta angeona kosa mara moja, na kwamba mwalimu atakayeniuliza ataona hapo hapo kuwa sistahili kuwapo. Nilianza kusoma orodha ya kozi nyingine ili nichague mapema nitakakohamishwa.

Mbugua alitazama akasema, "Ah, si ufute hizo tisa tu? Data chafu hiyo. Ukizitoa, mashine iko sawa, na hakuna mtu atajua."

Nilikuwa na kidole juu ya kitufe, Shangazi. Sikufuta. Si kwa sababu ya uadilifu, nisijisifu. Ni kwa sababu Mama hakosei makoti. Nimemwona akitenga robota zima akizungumza na watu watatu, na sijamwona akikosea hata moja. Nikaona ni vigumu kuamini kwamba amekosea mara tisa.

Jumamosi nilienda Jericho. Nilimkuta ameketi juu ya robota lililofungwa, anakula njugu. Nikamwonyesha simu.

"Mama, hili koti jeusi bitana yake nzima, vifungo vyote vipo, halina hata doa. Mbona lilikuwa fagia?"

"Wewe, punguza sauti."

"Na hili la maruni?"

Alitazama kushoto na kulia kama mtu anayevuka barabara ya Jogoo. "Umepiga picha marobota mangapi?"

"Tisa."

"Na hayo makoti yanayoisumbua mashine yako ni mangapi?"

"Tisa pia."

"Haya basi," akasema. "Mashine yako haina ugonjwa. Nipe hiyo hanga."

Ndivyo nilivyojua. Kila anapofungua robota, Mama huchukua koti moja la kamera akalizika kwenye fagia, katikati kabisa, si juu. Hamwambii mtu. Anasema mtu mwenye uwezo wa kununua kamera hainami kufukua gunia, kwa hivyo atakayelipata ni yule aliyeinama. Na majirani zake sokoni wakijua watamcheka, na wateja wakijua watakuja kufukua wote, hata wale wenye magari. Miaka yote hii nimeketi kando yake sikuwahi kuuona mkono wake ukifanya hivyo.

Nikamwuliza alianza lini. Hapo ndipo lilipotajwa jina lako.

Unaikumbuka picha yako iliyo ukutani sebuleni, umevaa koti la kijani lenye vifungo vya shaba, siku uliyoajiriwa ukarani kwenye zahanati kule Buruburu. Tulipokuwa wadogo, kabla hujasafiri, ulitusimulia habari zake kila Krismasi. Ulifika Nairobi na sketi mbili. Ulienda Jericho kutafuta kitu cha kuvaa kwenye mahojiano, ukafukua fagia ukiwa umekata tamaa, na mkono wako ukakutana na koti lile. "Muuzaji alipitiwa," ulikuwa ukisema, "lakini Mungu hakupitiwa." Kisha unamtazama Mama, kwa maana muuzaji ni yeye, na unamtania: "Huyu wifi yangu biashara alijifunza baadaye!" Tunacheka wote. Baba anaongeza kwamba ulipompeleka kununua jaketi kwenye kibanda hicho cha bahati, alinunua majaketi manne asiyoyahitaji kabla ya kupata ujasiri wa kuuliza jina la mwenye kibanda. Na Mama, kila mara, huinuka kwenda kugeuza chapati.

Shangazi, hakupitiwa.

Nimemwomba ruhusa nikwambie, kwa hivyo haya ni maneno yake. Anasema ulikuja mara tatu. Mara ya kwanza ulilishika koti lile likiwa limetundikwa juu, kwenye kamera, ukaugeuza mkono wake kutazama mshono, ukauliza bei, ukalirudisha na kulinyoosha vizuri kuliko ulivyolikuta. Mara ya pili uliuliza tena, kana kwamba bei huenda imesahau. Mara ya tatu hukuuliza. Uliinama kwenye fagia. "Ningempa bure angekataa," Mama akaniambia. "Nyinyi watu wa ukoo wa baba yako mna shingo ngumu." Basi ulipokuwa umeinama, alilitungua koti, akalisukuma chini ya masweta upande wa mkono wako, kisha akageuka kumhudumia mteja ambaye hakuwapo.

Alipokuona ukiondoka umelikumbatia, bila hata kulikunja, akaamua kwamba kila robota litakuwa na lake. Hajawahi kuruka hata moja, hata mwaka ule wa korona alipokuwa akifungua robota moja kwa miezi miwili.

Nilirudi nyumbani nikiwa na tatizo jipya. Makoti yale hayakuwa fagia, na sikutaka kuyaandika kamera, kwa sababu hayakuwekwa pale yawe kamera. Nikayafungulia kisanduku cha nne peke yao kwenye kompyuta, kando ya vile vya mafungu matatu. Kompyuta inataka kila kisanduku kiwe na jina, neno moja, herufi ndogo. Nikaandika "wangeci."

Siku ya kuonyesha kazi ilikuwa Jumanne iliyopita. Nilivaa sketi yangu ya kanisani. Mikono ilikuwa baridi mpaka nikaogopa nitadonoa vibaya. Mkubwa wa walimu watatu ni Daktari Wachira, mzee mwembamba asiyecheka, na wenzangu wanne waliotangulia walitoka wakiwa wamenywea. Alitazama visanduku vyangu kwa muda mrefu.

"Kamera naijua, nina mke," akasema. "Fagia naijua, nilikuwa mwanafunzi. Wangeci ni aina gani ya koti?"

Darasa zima likacheka. Nilisikia Mbugua nyuma akisema, "Leo Madam Fagia amebanwa." Nikangoja wanyamaze, nikamweleza. Sikutaja kibanda wala mstari wa soko. Nilisema tu kwamba muuzaji ni mama yangu, na kwamba yale si makosa yake wala ya mashine, ni kitu anachokifanya kwa makusudi.

"Sasa mashine yako itajuaje kusudi la mama yako?"

"Haiwezi kujua, Daktari. Ukilitazama koti peke yake ni kamera tu. Lazima umwulize aliyeliweka."

"Wewe ulijuaje kwamba kuna la kuuliza?"

"Sikujua. Ila mama yangu hakosei makoti."

"Ungeweza kuyafuta."

"Nilikuwa karibu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo, ilinitoka tu. Alivua miwani, akaandika kitu kirefu, akasema, "Kaa." Basi. Yule mwalimu wa kike aliyeketi kando yake akainama mbele akauliza kwa sauti ya chini, "Binti, hicho kibanda kiko upande gani wa soko?" Hapo hata Daktari akacheka.

Orodha ilibandikwa Ijumaa asubuhi. Nimebaki, Shangazi. Jina langu ni la saba kati ya wanane. Mbugua ni wa kwanza, naye alinijia akanipa mkono mbele ya watu akasema, "Sawa Madam, leo umeniweza." Daktari Wachira nilimpita kwenye ngazi. Alisimama akaniambia, "Kuandika kwako bado kunatia aibu. Hiyo tutakufundisha." Kisha akaendelea kupanda, na alipofika juu akaongeza, "Kuuliza tumekukuta nako."

Nilipomwambia Baba, aliinuka pale pale. Aliingia chumbani, akatoka na simu yake, akanikabidhi. Amesema niendelee nayo kwa picha zangu, yeye atatafuta ile yake ya tochi. Nashukuru mno. Nawashukuru nyote, na sijui nianze kumlipa nani fadhila: wewe kwa dirisha lako, Sahro kwa vidole vyangu, Bi. Clare ambaye bado anaamini nimekosea lakini amekuja na keki. Jumatatu tunaanza masomo yenyewe. Naogopa kidogo. Si ile hofu ya zamani, hii ni kama ya mtu aliyealikwa mahali na anataka kufika mapema.

Jambo moja bado linamhangaisha Mama. Miaka ishirini na miwili amekaa kimya akihofia kwamba ukijua utaona amekuondolea bahati yako. Jana usiku, nilipomwambia naanza kuandika, alirudi mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Mwambie asinikasirikie." Mara ya pili alisema, "Mwambie mimi niliweka tu. Mkono uliofukua ni wake."

Wakati wowote utakapoweza, tafadhali mjibu yeye, si mimi. Hata neno moja.

Baba anakusalimu, na jino lake. Cucu anauliza lini utakuja kuona migomba mipya. Sahro na mama yake wanakusalimu ingawa hamjaonana, wanasema wanakujua kutoka ukutani. Msalimie bibi wa uji. Mungu akulinde kwenye barafu na aufanye mguu wako imara, na siku zako huko ziwe na watu wema wasiojitangaza.

Jana mchana Mama alifungua robota. Nilikuwa nimeketi karibu na gunia, simu mkononi, tayari kwa picha. Nikaona mkono wake ukichukua koti moja la kahawia, zuri sana, ukielekea chini. Nikageuka upande, nikaanza kumhudumia mteja ambaye hakuwapo.

Ni mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila nikipita sebuleni,

Nyaguthii